Nyuma ya Michongoma

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha alfajiri, na mimi nimeaibika mchana kweupe.

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Aliniombea kazi kwa mkuu wake: picha za watoto wote wakiwa nje, zibandikwe ukutani siku wazazi watakapokuja kufunga muhula. Miaka yote hii napiga pasipoti na harusi, nikajipiga kifua. Watoto wa chekechea watanishinda nini?

Wamenishinda. Niliwapanga mstari saa saba, jua likiwa limerudi kali utosini, nikawaamrisha watabasamu. Nimepata sura za watu waliokamatwa. Macho wameyafumba, chini ya nyusi kuna vivuli vyeusi kama wamekula ngumi, na waliotabasamu wamekenua meno kama wako kwa daktari. Mmoja alinipigia saluti. Binti yangu mwenyewe, Kidoti, wa miaka minne, ametoka analia.

Mkuu alizitazama kwenye kamera akaniuliza, "Baba Kidoti, hizi ni za kwetu au za polisi?" Amenipa nafasi nyingine mpaka mwisho wa muhula. Nilirudi na hasira hadi nikaupiga teke mlango wa chumba changu cha picha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana bucha ukuta kwa ukuta na mimi. Alichungulia akasema, "Vunja tu, Picha. Nitaweka friji langu humo." Mtaa mzima huniita Picha.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Lenzi. Nusu ya wapiga picha wa mji huu wamepita mikononi mwake. Sasa mguu unamsumbua, anaishi peke yake kwenye chumba kimoja, hana mke wala mtoto. Jicho la kushoto hulifumba hata akinywa chai, kwa mazoea ya kuchungulia kwa la kulia.

Alizicheka picha zangu mpaka akakohoa.

"Kosa la kwanza, umesimama. Umewapiga tosi. Shuka, piga magoti, lala chini ikibidi, macho yako yawe sawa na yao. Kosa la pili, jua la saa saba. Watafute asubuhi, au wingu likitanda, au waweke ukingoni mwa kivuli. Kosa la tatu ndilo kubwa. Wanakuona."

"Sasa nisionekane vipi, mzee?"

"Jifiche, kijana. Lenzi ndefu unayo. Kaa mbali, lala kwenye majani, vaa nguo isiyong'aa. Mtoto akiambiwa acheke anakupa meno. Akikusahau anakupa uso."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Sikupiga kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Mtoto amepotea mtaa wa pili. Wa kiume, miaka mitano. Kila mtu ana habari yake: amechukuliwa na gari, amechukuliwa na mwanamke, wako watu watatu wanaozunguka wakiwapa watoto pipi.

Shemeji ameunda ulinzi wa mtaa. Ni mtu mkubwa, anacheka kwa kifua kizima, na watoto wanampenda kufa. Kidoti akimwona hataki kukanyaga chini, anataka mabegani kwa mjomba. Leo alikuwa amekaa nje ya bucha anachonga marungu kwa kisu cha kazi, akiyapanga ukutani kwa ukubwa.

"Nikimtia mkononi," alisema, "namchuna yuko hai."

Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nami ni baba.

Usiku mke wangu akaniambia, "Baba Kidoti, hebu acha kwanza kulala vichakani na hilo dude. Watu wamepandwa na mori."

"Nani asiyenijua mtaa huu?"

"Wanaokujua hawatakuwa wa kwanza kufika."

Mwanamke huyu ana maneno.

Jumanne, 11 Machi

Nimeipata! Nyuma ya chekechea kuna kiwanja kilichozungushiwa michongoma. Nililala chini ya ule ua tangu saa mbili asubuhi, wingu jeupe limetanda, mwanga umetulia juu ya kila kitu. Nusu saa nzima watoto walinionyeshea ulimi na kunirushia matope. Kisha wakanisahau. Msichana mmoja akachuchumaa kwenye dimbwi, akachota maji kwa kopo, akayamimina polepole juu ya kiatu chake, anatazama yanavyoingia. Nilishika fokasi kwenye jicho, nikafyatua. Kwenye picha unaona mpaka matone kwenye kope.

Mke wangu aliitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Jumatano, 12 Machi

Siafu. Sitaandika wapi wameniuma.

Jumamosi, 15 Machi



Sokoni kulikuwa na kijana muuza maputo, si wa huku. Alimpa mtoto puto la bure kwa sababu lilikuwa limeanza kunywea. Mwanamke mmoja akamuuliza, "Unampa kwa nini? Ni wako?" Kijana ana kigugumizi. Akabaki anahangaika na neno la kwanza, mdomo unacheza, hakuna kinachotoka. Mtu akasema, "Anatafuta uongo." Kofi la kwanza likatua hapo hapo.

Sijawahi kuona watu wakikusanyika haraka namna ile. Walikuja na ndoo, na mawe ya mizani, na viatu vyao wenyewe mkononi. Mama mmoja alimpiga kwa mwamvuli mpaka mwamvuli ukakunjika, akautupa, akachukua wa jirani yake. Maputo yalikuwa yanapasuka chini ya miguu yetu, na kila likipasuka umati uliruka na kupiga zaidi. Shemeji alifika na aproni yake ya bucha, akampiga kijana ngumi ya kinywa, meno yakamwagika. Aproni ilikuwa na damu, na sikuweza kujua ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya muda ule.

Nami nilimpiga. Teke moja, la mbavu. Nilimfikiria Kidoti na mguu ukaenda. Na niseme ukweli, nilijisikia vizuri. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Polisi walimbeba nyuma ya gari akiwa hajitikisi.

Jumapili, 16 Machi

Mtoto aliyepotea amepatikana. Alikuwa kwa bibi yake. Baba alimpeleka bila kumwambia mama, wamegombana.

Hakuna anayemtaja muuza maputo. Nilipomgusia Shemeji alikuwa anakata mfupa. "Basi," akasema, "siku nyingine ajifunze kusema." Akapiga shoka. Ulinzi haujavunjwa. Nadhani wameshaupenda.

Jumatano, 19 Machi

Nimempelekea Mzee Lenzi picha mpya. Alivaa miwani, akazipanga kitandani, akaniambia, "Sasa unapiga picha." Nilitaka kulia kwa furaha, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikamsimulia ya sokoni. Akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napita tu, mzee."

Alitikisa kichwa. Kamera yake ya zamani ilikuwa mezani, ameifungua anaifuta kwa kitambaa. Miaka hakuwa ameigusa.

Ijumaa, 21 Machi

Leo ilikuwa zamu yangu.

Nilikuwa chini ya michongoma kama kawaida. Ghafla mtu akanikanyaga mgongo, mwingine akanivuta kola mpaka nikakosa pumzi. Vijana wawili wa ulinzi, wa mtaa wa juu. "Unawalenga watoto na nini?" Nilitaka kusema, na sauti haikutoka. Rungu moja lilinipata bega. Lingine lilikuwa tayari hewani, na ninaapa nililiona hata fundo la mti lililokuwa pale kichwani mwake.

"Huyo ni shemeji yangu, washenzi nyie!" Ilikuwa sauti ya Shemeji. Alimnasa kijana kibao kilichomtoa kofia. Akaninyanyua kwa mkono mmoja kama anavyomnyanyua Kidoti, akanipangusa matope, akacheka. "Picha, ungekufa kifo cha mbwa leo."

Nimembusu mikono. Mtu yule namdai nini tena? Bega haliinuki.

Jumanne, 25 Machi

Nimevaa shati jekundu na kusimama katikati ya kiwanja ili kila mtu anione. Watoto nao wameniona. Meno, saluti, vidole viwili juu. Zote takataka. Kidoti aliniambia, "Baba, leo umekuwa mrefu tena."

Nilipita kwa Mzee Lenzi kumwaga hasira zangu. Nikamwambia walinzi wanavyopiga, na kwamba sitalala tena kwenye ua. Alinisikiliza, jicho moja limefumbwa.

"Alhamisi unapiga?"

"Napiga, nje wakicheza."

"Wewe piga ukisimama, wakutazame wewe. Mimi nitawapiga ubavuni. Hawataniona."

"Mzee, hujasikia nilichosema?"

"Kijana, nilikuwa nalala vichakani kabla mama yake huyo muuza nyama hajaolewa."

Kwa mguu ule, na matope haya, nilijua ni maneno tu.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilichelewa. Mteja wa pasipoti hakuridhika na masikio yake, nikampiga mara nne. Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa nakuja kiwanjani na stendi ya kamera begani, ile ya chuma, nikasikia mke wangu anapiga kelele. Naijua sauti yake ya hasira na ya uchungu wa uzazi. Ile sikuwahi kuisikia.

"Mwizi! Mwizi wa watoto! Uwiii!"

Nikakimbia. Walikuwa wameshamvuta kwa miguu kutoka kwenye michongoma. Mtu ndani ya koti jeusi la mvua, kofia ya koti imemfunika kichwa chote, uso uko kwenye matope. Miiba ilikuwa imemchana mikono mpaka kwenye viwiko. Mtu akapiga kelele, "Ana bunduki!" Wakamkanyaga mkono mpaka nikasikia mfupa. Shemeji alikuwa amempandia mgongoni, anampiga ngumi za kisogo, moja moja, bila haraka, kama anayeponda nyama.

Mke wangu alikuwa anawasukumia watoto ndani ya darasa, amenipa mgongo. Aliniambia baadaye alichokiona: kitu kirefu cheusi kimetokeza kwenye majani, kimemwelekea Kidoti.

Shemeji akaniona. "Mpisheni baba mtoto!" akasema. "Alikuwa amemlenga Kidoti. Mpisheni."

Nao wakanipisha. Hilo ndilo linalonirudia. Walifungua njia kwa adabu kabisa, kama wanavyompisha mfiwa. Mwanamume mmoja aliniambia, "Karibu." Shemeji akasimama, akamgeuza yule mtu kwa mguu ili awe tayari kwangu.

Nikampiga kwa stendi. Mara moja, usoni. Kisha nikaiona kamera kwenye matope, kamera ya zamani iliyofutwa ikafutika, nikamjua. Nikajitupa juu yake, nikawapigia kelele waache. Walinipiga mimi mgongoni kwa muda kabla hawajaelewa.

Alikuwa anapumua. Jicho la kulia sikuweza kulitazama.

Ijumaa, 28 Machi

Jicho limetolewa. Mkono umevunjika sehemu mbili.

Polisi walikuja kiwanjani kuuliza. Hakuna aliyeona kitu.

Jumapili, 30 Machi

Mke wangu hali chakula. Anakaa kitandani akirudia, "Ni mimi niliyepiga kelele. Ningesogea kidogo ningemtambua. Ni mimi." Nilimshika mabega, nikamwambia si kosa lake. Akasema ni lake. Nikamwacha aseme.

Jumanne, 1 Aprili

Shemeji amekuja nyumbani na maini kwenye mfuko. "Ya mgonjwa. Yanarudisha damu." Kidoti alipomwona akakimbilia chini ya meza. Yeye akacheka, akainama kumwita, "Njoo kwa mjomba," na mtoto akapiga ukelele uliomfanya mke wangu adondoshe sufuria.

Nilimfuata mpaka buchani. Maneno yalinitoka yenyewe. Nikamwambia yeye ni muuaji, kwamba muuza maputo alimtia ladha na hajashiba. Akaendelea kunoa kisu. Nikaruka meza, nikamkaba koo kwa mikono miwili. Tukaanguka chini, kwenye maji ya nyama, nikampiga uso, akanipiga, nikamng'ata sikio. Nilitaka kumuua, na ningekuwa na nguvu zake ningemuua. Alinigeuza kama godoro, akaweka goti kifuani, damu ya sikio inanidondokea mdomoni.

"Sikiliza, shemeji," akasema taratibu. "Mimi nilimpiga kwa mkono. Wewe ulikuja na chuma. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, nina macho yangu mawili. Ulichofanya nilikiona. Nyamaza, nami ninyamaze."

Akaniinua, akanipangusa, kama siku ile.



Ijumaa, 4 Aprili

Mzee Lenzi anaongea. Fuvu limesalimika. Anakumbuka kulala kwenye majani, anakumbuka kuburutwa miguu, baada ya hapo hana kitu. Mke wangu amemweleza jinsi nilivyomlalia nikapigwa mimi. Akaupapasa mkono wangu kwa ule wake mzima. "Umeniokoa, mwanangu." Hajawahi kuniita mwanangu.

Hospitali walipouliza ndugu, nilijiandikisha mimi. Akiruhusiwa anakuja kwetu. Mke wangu ameshafua shuka na kuhamisha kitanda cha Kidoti chumbani kwetu. Nitamtunza mpaka siku yangu ya mwisho. Nitamsomea magazeti. Nitamwogesha.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimesafisha filamu iliyokuwa kwenye kamera yake. Kidoti yuko peke yake kwenye nyasi zilizolowa, amenyanyua uso kutazama wingu, mdomo wazi. Nimepiga maelfu ya picha maishani mwangu na sijawahi hata kuikaribia hiyo.

Mkuu wa chekechea anaitaka ukutani. Nimemwambia kazi hii siimalizi.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumchukua. Tulikwenda wote watatu, Kidoti amevaa gauni la njano. Mvua ilikuwa inapiga madirisha ya wodi. Mzee Lenzi alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati nililompelekea, bandeji nusu ya uso. Jicho la kushoto, lile alilokuwa akilifumba, sasa ndilo lililo wazi.

"Mjukuu wangu! Njoo nikuone. Umependeza."

Kidoti alisimama mbele yake, mikono nyuma. "Babu, jicho linauma?"

"Kidogo tu."

"Baba ndiye alikupiga na chuma."

Mke wangu akasema, "Kidoti!" Kisha akanitazama. Mzee, na hili ndilo lililonimaliza, akamtabasamia mtoto.

"Basi baba hakujua ni mimi. Nilikuwa nimejifunika kama mwizi. Yeye alikuwa anakulinda wewe. Hata mimi ningempiga."

"Alijua," Kidoti akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasahihisha tu, kama mama yake anavyosahihisha darasani. "Mjomba alikugeuza, kofia ikatoka. Baba akakupiga. Wewe ukamwita. Ukasema, Picha, ni mimi. Akakupiga tena."

Wodi nzima ilikuwa na wagonjwa na wageni wao, na nadhani wote walikuwa wanaongea, ila mimi sikusikia mtu.

Ningesema nini? Kwamba mkono ulikuwa umeshapanda? Kwamba watu walikuwa wamenizunguka, wamenipisha, wananitazama, na sauti ile iliyoniita kwa jina langu mbele yao niliiogopa kuliko kitu chochote, nikataka inyamaze? Ni kweli. Niliitaka inyamaze.

Jicho lile moja lilinitazama. Halikufumba.

Nesi akaja na karatasi za kumruhusu. "Mzee, leo unakwenda nyumbani! Ndugu wa mgonjwa ni nani, asaini hapa?"

Niliinua mkono. Mke wangu alikuwa ameshamshika Kidoti anatoka naye, hakugeuka nyuma.

"Bado hajafika, nesi," Mzee Lenzi akasema, akaanza kujilaza tena taratibu, akijigeuzia ukutani.

Nesi alinitazama, akautazama mkono wangu ulioinuka, akaniambia muda wa wageni umekwisha.